Wafuasi wa Nani? Uanafunzi wa Kikristo kutoka Njia ya Misafara hadi Njia ya Mtandao

Neno "mfuasi" limepata kazi mpya katika Kiswahili cha leo. Kwa vizazi vingi waamini wetu walilisikia kanisani: mfuasi ni mtu aliyeitwa na Kristo, akaziacha nyavu zake, akamwandama. Leo kijana wa Nzega au Urambo akiulizwa ana wafuasi wangapi, hufungua simu na kutaja idadi. Akiulizwa yeye mwenyewe anamfuata nani, hutaja wahubiri, wanamuziki, wachekeshaji na wachezaji wa mpira, wote wakiwa katika orodha moja, wote wakifuatwa kwa kugusa kitufe kimoja. Neno ni lile lile, ila gharama yake imeshuka mno. Aliyeanza kufuata jana anaweza kuacha kesho asubuhi, na yule aliyekuwa akifuatwa asijue kamwe kwamba ameondoka.

Tunaandika makala hii kwa sababu badiliko hilo limekwisha kuingia katika mafundisho ya dini ya parokia zetu. Watoto wa Komunyo ya Kwanza na vijana wa Kipaimara huja darasani wakiwa wamekwisha kufundishwa mengi. Wamesikia kwenye simu habari za mwisho wa dunia, za Bikira Maria, za alama ya mnyama, za laana za ukoo na namna ya kuzivunja, kutoka kwa walimu ambao hawajapata kuonana nao na ambao katekista wao hawafahamu. Inatupasa basi kuuliza bila hofu na bila kuficha: ni nani leo anayemfundisha Mkristo wa Unyamwezi, naye mwalimu huyo anamfikisha wapi?

Njia isiyojengwa kwa ajili ya Injili

Sisi watu wa Tabora tunayo sababu ya kulitafakari swali hili, kwa maana mji wetu ulikua kwa sababu ya njia. Kabla ya Reli ya Kati kufika hapa mwaka 1912, msafara uliotoka Bagamoyo ulipita Mpwapwa na kukata mbuga hadi Unyanyembe. Hapo njia iligawanyika: moja ikaelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Nyanza. Njia hiyo ilifunguliwa na biashara. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na nguo, shanga na waya, waliijua kuliko watu wengine wote. Njia hiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo. Ilileta Uislamu, dini ya majirani na ndugu zetu wengi, na ikakisambaza Kiswahili bara.

Kwa njia hiyo hiyo walikuja Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo katikati ya mwaka 1878. Padre Joachim Pascal alifariki njiani mwezi Agosti. Wenzake walifika Tabora baada ya safari ya zaidi ya miezi mitatu, wakagawanyika kama njia yenyewe ilivyogawanyika. Kundi moja lilikwenda Ziwa Tanganyika, na kundi la pili Nyanza, ambako Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda mwezi Februari 1879.

Wamisionari hao hawakungoja ijengwe njia safi. Waliingia katika njia iliyokuwapo, wakalala katika kambi zile zile na kulipa hongo ile ile. Msomaji wa leo husikia neno "hongo" akawaza rushwa. Wakati ule lilikuwa ushuru wa njia: msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulitoa nguo na shanga ndipo uruhusiwe kusonga mbele.

Mtandao nao una watemi wake. Kampuni zinazomiliki majukwaa ya mitandao ya kijamii hazidai shanga. Huchukua muda wetu, usikivu wetu na habari zetu binafsi, kisha huviuza kwa watangazaji wa biashara. Kwa kuwa faida yao hutegemea muda tunaokaa mbele ya kioo cha simu, mitambo yao hupendelea kila kinachotikisa moyo kwa haraka: hofu, hasira, ajabu na kicheko. Mafundisho ya katekista juu ya uvumilivu katika ndoa hayawezi kushindana kirahisi na video ya nabii anayewaangusha watu kwa pumzi yake. Tusidhani kwamba katekista amekuwa dhaifu. Soko ndilo limepangwa hivyo. Kanisa halina budi kupita katika njia hii, kama lilivyopita katika ile ya kwanza, lakini lipite likijua hongo inayotozwa na nani anayeipokea.

Filipo akapanda garini

Sura ya 8 ya Matendo ya Mitume inatupatia kisa cha Mwafrika aliyekuwa safarini. Ni mtunza hazina wa malkia wa Ethiopia, anarudi kwao kutoka Yerusalemu, na garini mwake anasoma gombo la nabii Isaya. Mtu huyu hana upungufu wa habari. Anajua kusoma, anayo maandiko mkononi, na anao muda wa kutosha. Hata hivyo Filipo, aliyetumwa na Roho, analikimbilia gari lake na kumwuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Yeye anakiri kwamba anahitaji wa kumwongoza, na anamkaribisha apande aketi naye.

Tutazame mambo matatu katika kisa hicho. Kwanza, Filipo alitumwa, hakujituma. Pili, aliketi kando ya msikilizaji wake, akaanzia kwenye swali ambalo mtu yule alikuwa nalo tayari. Tatu, alimfikisha kwenye maji, wakashuka wote wawili, akambatiza. Baada ya hapo Filipo aliondolewa machoni pake, naye Mwethiopia akaendelea na safari kwa furaha. Hakuhitaji kubaki mfuasi wa Filipo, kwa kuwa amekwisha kuwa mfuasi wa Kristo.

Hapo tunapata vipimo ambavyo hata mtoto wa Kipaimara anaweza kuvitumia anapofungua simu. Mwalimu huyu ametumwa na nani, na nani anaweza kumwita atoe hesabu ya maneno yake? Je, anaweza kuulizwa swali, au husema tu na kuondoka? Na mwisho wa mafundisho yake ni wapi: kwenye Sakramenti, jumuiya na jirani mwenye shida, au kwenye namba yake ya simu ya kupokelea fedha?

Kipimo hicho cha mwisho si mzaha. Waamini wetu wanaujua ujumbe wa matapeli unaoagiza kwamba fedha itumwe kwenye namba fulani. Siku hizi matapeli hufungua kurasa zenye picha na majina ya maaskofu na mapadre, wakiomba michango ya ujenzi, ya yatima na ya Misa. Wapo pia wanaouza mafuta, maji na chumvi kwa ahadi ya kazi, ndoa na uponyaji. Anayeumia zaidi ni mama mkulima wa tumbaku aliyetuma fedha ya pembejeo akiamini anamtolea Mungu.

Na yapo madhara makubwa kuliko fedha. Mwezi Aprili 2023 majirani zetu wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili iliyopatikana ilizidi 400, mingi ikiwa ya watu waliodaiwa kufunga kula hadi kufa ili wakutane na Yesu, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo, ameyakana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama. Jambo linalotuhusu hapa ni kwamba mahubiri yake yalikuwa yakirushwa kwa televisheni na kwenye YouTube, yakaingia sebuleni mwa watu wa mbali. Sauti ilifika kila mahali, lakini hapakuwa na mtu wa kuketi kando ya msikilizaji na kumwuliza kama anayaelewa anayoyasikia.

Njia inapofungwa

Mapokeo ya imani katika nchi zetu yalijengwa kwa mwendo wa polepole, na kwa makusudi. Lavigerie aliagiza kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya miaka minne ya maandalizi. Wapo wamisionari walioona muda huo ni mrefu mno, lakini matunda yake yalionekana mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mwishoni mwa mwaka 1882 mapadre walilazimika kuondoka Buganda, wakakaa kusini mwa Nyanza hadi mwaka 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padre wala Misa. Waliporudi walikuta waamini na wakatekumeni wameongezeka, kwa sababu walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa waliendelea kufundisha nyumba kwa nyumba. Miezi michache baadaye Yosefu Mukasa aliuawa kwa ajili ya imani, na mwaka 1886 Andrea Kaggwa, Karoli Lwanga na wenzao wakamfuata.

Kumbukumbu hii ilitujia upya mwaka 2025. Tangu tarehe 29 Oktoba, siku ya Uchaguzi Mkuu, hadi siku za mwanzo za Novemba, intaneti ilizimwa nchini Tanzania. Zilikuwa siku za hofu na majonzi, na taifa letu bado linawaombea waliopoteza maisha na familia zao. Katika siku hizo makundi ya WhatsApp ya kwaya, ya vyama vya kitume na ya jumuiya yalinyamaza yote. Ibada zilizozoeleka kufuatwa kwenye simu hazikuonekana. Mtu aliyekuwa na imani kwenye simu peke yake alibaki na kioo cheusi, tena katika juma ambalo alihitaji zaidi neno la faraja. Aliyekuwa na jumuiya alikuwa na jirani wa kusali naye.

Maaskofu wa AMECEA walipoziweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, hakuna aliyekuwa akiifikiria intaneti. Lakini walituachia chombo ambacho hakizimiki kwa amri wala kwa kukosa bando. Historia ya njia yetu inafundisha vivyo hivyo. Mwaka 1871 vita ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora iliifunga njia ya Ujiji, na misafara mingi ikakwama. Njia yoyote iliyo mikononi mwa wenye nguvu inaweza kufungwa. Mchungaji mwenye busara huitumia ingali wazi, na huku anahakikisha kwamba chakula cha kundi hakitegemei njia hiyo peke yake.

Chombo na mkono unaokishika

Tusieleweke kwamba tunaulaani mtandao. Kanisa la Tabora halijawahi kuogopa vyombo vya mawasiliano. Kipalapala, pamoja na seminari yake kuu, ilikuwa na kiwanda cha uchapaji ambacho vitabu vyake, vyenye alama ya T.M.P., vilisomwa nchi nzima. Gazeti la Kiongozi lilianzia hapa Tabora mwaka 1950. Jina lake lina undugu na neno la misafara, "kirangozi", yaani mtu aliyetangulia mbele akiijua njia na mahali penye maji, naye akiwa na mzigo wake begani. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano uliviita vyombo hivi vya ajabu katika Hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari. Mama mgonjwa wa Sikonge asiyeweza kutembea hadi kigangoni hufarijika anaposikia Rozari katika simu ya mjukuu wake. Mwanafunzi aliye mbali na kwao hupokea masomo ya Dominika kila asubuhi. Tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza mtakatifu kijana Carlo Acutis, aliyetumia ujuzi wake wa kompyuta kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Tukumbuke pia kwamba kijana huyo alikwenda Misa kila siku. Tovuti yake ilitoka katika Ekaristi na ilimrudisha msomaji kwenye Ekaristi.

Mwaka 2023 Baraza la Kipapa la Mawasiliano lilitoa tafakari juu ya mitandao ya kijamii likitumia mfano wa Msamaria Mwema: katika barabara za kidijitali wapo waliojeruhiwa, na Mkristo huulizwa kama atapita kando. Swali hilo lina uzito wa pekee katika mji wetu. Hapa Wakristo na Waislamu huoana, huzikana, hukopeshana jembe na chumvi. Video za mihadhara ya kukashifiana dini huingia katika simu zetu kila wiki, nyingi zikiwa zimerekodiwa mbali, na watu wasioishi na majirani zetu. Anayeisambaza video hiyo kwa mbofyo mmoja anamjeruhi mtu ambaye kesho atakutana naye msibani. Kabla ya kusambaza, mfuasi wa Kristo ajiulize kama angeweza kuyasema maneno yale akiwa ameketi mkekani na jirani huyo.

Sasa zimekuja programu za akili mnemba, ambazo hujibu maswali ya dini kwa Kiswahili fasaha, usiku na mchana, bila kuchoka wala kukaripia. Kijana mwenye aibu huiuliza mashine yale asiyothubutu kumwuliza paroko wake. Hilo litufundishe sisi wachungaji kitu juu ya milango yetu na sauti zetu. Hata hivyo hati ya Vatikano iitwayo Antiqua et Nova, ya tarehe 28 Januari 2025, inakumbusha kwamba chombo hiki hakina nafsi, hakina mwili, hakina moyo wa kupenda. Kinaweza kueleza Kitubio ni nini, lakini hakijawahi kuungama wala kusamehewa. Vivyo hivyo padre anayesoma altareni mahubiri yaliyotungwa na mashine anawapa waamini neno ambalo halijapita katika sala yake, na waamini hutambua. Na tangu mwaka 2002 Kanisa lilikwisha kusema wazi kwamba katika intaneti hakuna Sakramenti, kwa maana neema hutujia kwa maji, mkate, divai, mafuta na mikono ya mtu aliye mbele yetu.

Katekista kwanza

Kama hoja yetu ni ya kweli, basi kazi ya kwanza ya uinjilishaji wa kidijitali katika jimbo kama letu ni kumwimarisha katekista. Tunaye mfano wa Adriano Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, na hapo akatibu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Alikuwa na elimu ya juu ya wakati wake na vyombo vya wakati wake, akavitumia mahali pamoja, kati ya watu waliomjua kwa jina, kwa zaidi ya miaka 65. Watu walimwamini mafundisho yake kwa sababu walikwisha kuiona mikono yake ikisafisha vidonda vyao.

Tarehe 10 Mei 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa lote. Hadhi hiyo haina budi kuonekana katika bajeti ya parokia. Kamati za parokia zinazochangisha kwa bidii ununuzi wa spika na kamera zijiulize katekista wa kigango cha mbali analipwa posho gani, ana Biblia na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, amehudhuria semina lini, na ana simu ya kumwezesha kuyaona yale ambayo vijana wake wanayaona. Katekista asiyejua kinachosemwa kwenye simu za wanafunzi wake anafundisha darasa lililokwisha kuhamia kwingine.

Jumuiya nazo zina sehemu yao. Baada ya kushirikishana Injili ya Dominika, zitengwe dakika kumi ambamo mtu yeyote, hasa kijana, anaweza kuleta fundisho aliloliona mtandaoni na kuuliza kama ni kweli. Asichekwe wala asikemewe. Swali lisilopata jibu pale lipelekwe kwa katekista, na kutoka kwa katekista kwa paroko, na jibu lirudi. Michango ya Kanisa itangazwe altareni na kuandikwa kwenye ubao wa matangazo, na mwamini anayepokea ombi la fedha kwenye simu kwa jina la padre ampigie kiongozi wake wa jumuiya kabla ya kutuma hata shilingi. Wazazi wachague saa moja ya jioni ambayo simu zote za nyumba, na za kwao wenyewe zikiwamo, zitawekwa kando ili familia isali na kuzungumza.

Mambo haya ni madogo, na hayatapata watazamaji wengi. Lakini imani iliyofika Unyamwezi ilikuja kwa hatua za miguu, na iliposhika mizizi ilishika kwa sababu mtu alikaa na mwenzake muda mrefu wa kutosha kumjibu. Mkongo wa mawasiliano unaopita leo katika nchi yetu unaweza kulifikisha neno kijijini kwa nukta moja. Tunahitaji bado watu watakaokuwapo kijijini neno hilo linapofika.

Tunawaalika waamini wote, mapadre, watawa, makatekista, wazazi na vijana, wauchukue mwezi huu kuwa mwezi wa kuuliza katika sala ya familia: ninamfuata nani, naye ananipeleka wapi? Bikira Maria, aliyeufanya mwendo wa milimani kwenda kumhudumia Elizabeti kwa mikono yake, atuombee tuijue njia na tusichoke kuitembea pamoja. Tumsifu Yesu Kristo.